Kuni za Heshima

Kuni zikivuka bahari hupanda cheo. Zikiwa kwenye mafiga Singida huitwa umaskini, adui wa mapafu na misitu. Zikiingia kwenye jiko la chuma sebuleni London, lenye mlango wa kioo na tangi nyuma yake la kupasha maji ya kuoga, huitwa nishati jadidifu. Mei 2024 viongozi walikutana Paris kujadili namna ya kumtoa Mwafrika kwenye kuni na mkaa, na Tanzania inataka asilimia 80 ya watu wake wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo jema, moshi wa jikoni unaua kweli. Ila sijasikia mkutano ulioitishwa Dodoma kumwokoa Mzungu na gogo lake.

Utaambiwa majiko yao ni mengine: yana dohani, na England kuni za vifurushi haziruhusiwi kuuzwa zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20. Ni kweli, na tofauti si ndogo. Lakini dohani haili moshi, huupeleka kwa jirani. London yenyewe inalijua hilo tangu Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulipoua maelfu, hata ikatungwa sheria ya hewa safi ya 1956. Na kama siri ni dohani na kuni kavu, basi mama wa Singida angeletewa kwanza fundi, na bati la kufunikia kuni zisilowe, kabla ya semina ya siku tatu yenye vitumbua, posho na picha ya pamoja.