Sifa za Giaboksi Iliyofunguliwa

Giaboksi mpya ya pikipiki haina la kusema. Unakanyaga, gia inaingia, basi. Ninayoitetea mimi ni ile iliyotoka kwa fundi juzi hapo Keringet, ile inayoruka gia katikati ya mlima huku nyuma kumefungwa magunia mawili ya viazi vya Shangi.

Huyu ndiye shahidi pekee asiyedanganya katika Kuresoi nzima. Mwenye duka la spea ataapa kwamba ile uma ya gia ni jenyuini. Fundi atapangusa mikono na kusema, "Iko sawa, bosi." Mwenye pikipiki ataapa kwamba alilipa pesa yote. Giaboksi itawasikiliza wote, kisha itatoa ushahidi mlimani, mbele ya abiria.

Na ushahidi wenyewe ni wa kina. Ndani mle gia huwa zimeumana muda wote. Kinachoamua ipi ivute ni meno mafupi ya ubavuni. Yakilika kona, yatashika vizuri kwenye tambarare, lakini ukivuta mzigo yanasukumana na kuachana. Kwa hiyo fundi aliyeyatazama akasema "haya bado yatafika Krismasi" ameshashtakiwa. Aliyenyoosha uma kwa nyundo naye ameshashtakiwa, maana gia haifiki mwisho wa safari yake. Na ile washa nyembamba iliyobaki kwenye sahani, ikaitwa ya ziada? Giaboksi inaikumbuka.

Kuirudisha si kazi ya dakika tano. Kwenye pikipiki ya Boxer, giaboksi imekaa ndani ya injini, kwa hiyo inashuka injini yote: hedi, silinda, sumaku, klachi, kisha kasha linapasuliwa pande mbili juu ya gunia. Yote hayo kwa ajili ya kipande chembamba kuliko shilingi. Muuza gasketi anakula, muuza chai anakula, na vijana wa stendi wanapata somo la bure. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, sijui chuo gani kimefundisha makanika wengi kuliko gunia hilo.

Tena giaboksi haipendi kusingiziwa. Alfajiri huku juu, zaidi ya mita 2,000, oili huwa nzito, pleti za klachi zinagandana, na gia ya kwanza inaingia kwa kelele ya kukera. Mtu asiye na subira anaita spana. Mwenye akili anaiacha injini ipate joto, anapima ulegevu wa kebo kwenye mkono wa klachi, anauliza ni oili gani iliyomiminwa. Ikiwa ni ya gari, klachi inaweza kuteleza hata giaboksi ingekuwa imetoka kiwandani leo. Ni watuhumiwa wangapi mahakamani Molo wangeshukuru kupelelezwa hivi?

Ndiyo maana napendekeza ipewe kiti kwenye kila kamati inayokagua barabara kabla mkandarasi hajalipwa. Iketi tu hapo mezani na grisi yake. Kuna watakaojaribu kuilainisha, hilo nalijua. Lakini huyu mzee ana kipimo chake, na ukimjaza oili kupita hapo, anaitapika hadharani.