Nati Nne Pungufu
Mmarekani mwenye pikapu ya Chevrolet C10 ya 1968 hana ugomvi na nati sita za gurudumu lake. Zimeshika miaka yote hiyo bila kuomba likizo. Ugomvi ni rimu aliyoipenda: ina matundu matano. Mwingine angetafuta rimu nyingine. Yeye anabadilisha gari.

Nyuma anachomoa shafti za ekseli, anatia za nati tano, na ngoma za breki zinafuata. Mbele ndiko pesa inakoishia: habu na breki za diski za toleo la 1971, mwaka ambao kiwanda chenyewe kilihamia nati tano. Ukishatia diski, masta silinda ya zamani nayo inadai kustaafu. (Diski zinasimamisha gari vizuri zaidi, hatukatai. Tena ni kisingizio kizuri nyumbani.)

Na duara la nati analolikimbia? Milimita 139.7, lilelile la Toyota Hilux na Land Cruiser nyingi za nati sita, zinazopanda milima zikiwa na shehena mpaka juu ya kichwa cha dereva.

Haya bwana, umepunguza nati nne gari zima. Bili hatukuulizi.