Wazazi Wawili Nyumba Moja

Marashi alizaa siku ya kumi na mbili ya uzazi wangu, ndani ya kabati la nguo, juu ya doti ya kanga niliyoitunza kwa ajili ya arobaini. Ilikuwa mpya, haijakatwa wala haijapindwa. Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa akitafuta nepi, akasikia vilio vyembamba kama vya vifaranga, akavuta mlango wa kabati, na mimi kitandani nikamsikia akisema, "La haula! Mwanangu, nyumba hii sasa ina wazazi wawili."

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Vyumba vitatu, stoo na ua. Mama alikuja kutoka Pangani kuniuguza uzazi kama desturi ilivyo: kunikanda maji ya moto asubuhi na jioni, kunipikia uji wa pilipili manga, kumwosha mtoto na kukiangalia kitovu chake. Mume wangu, Baba Zuhura, alihamia sebuleni na godoro lake. Marashi tulikuwa naye mwaka wa pili. Ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya mdalasini, na paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, kwa hiyo tulijua tangu siku alipoletwa kwamba iko siku atazaa. Paka hubeba mimba siku 63 hadi 65 tu. Mimi yangu niliibeba miezi tisa, na bado tukafuatana kama watu waliopanga.

Kulikuwa na waliotushauri tumtoe Marashi mapema, nikiwa bado mjamzito. Kliniki waliniambia neno lililotusaidia zaidi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kimelea cha toksoplasma, na kikimwingia mjamzito kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini kimelea hicho hakiambukizi papo hapo kinapotoka. Kinahitaji siku moja au zaidi kukomaa. Anayeondoa mchanga wa paka kila siku anakuwa amekiwahi, na mjamzito asiuguse kabisa. Basi kazi hiyo ikawa ya Baba Zuhura. Kila alfajiri akitoka msikitini, kabla ya chai, anachukua koleo. Miezi saba hakukosa hata siku moja, na ndiyo sababu Marashi alikuwepo siku Zuhura alipoletwa nyumbani.

Mama alipokwenda kupika nilishuka kitandani polepole, nikaketi kwenye mkeka mbele ya kabati. Vipaka wanne, kila mmoja si mkubwa kuliko kiganja changu. Macho yamefumba, masikio yamelala, hawaoni wala hawasikii. Njia ya ziwa waliijua kwa harufu na kwa mtetemo wa mama yao, maana paka anayenyonyesha hukoroma, na wanawe huhisi lile koromo mwilini kabla hawajaweza kulisikia. Paka ana chuchu nane. Nilidhani watagombana, lakini kila mmoja alikuwa amechagua yake. Yule wa rangi ya mdalasini alishika ya nyuma kabisa, upande wa kulia, na kila nilipochungulia siku zilizofuata nilimkuta palepale, vidole vikikanda tumbo la mama yake, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kisha Marashi humgeuza chali kwa pua, akamlamba chini ya tumbo mpaka mkojo utoke, kwa sababu katika wiki mbili tatu za mwanzo kipaka hawezi kujisaidia bila kulambwa. Huulamba wote, asiache harufu itakayomleta adui. Mimi nilikuwa na Mama, na mume, na majirani wanaoleta supu. Yeye alifanya yote hayo peke yake.

Mama hakutaka kusikia habari za paka chumba kimoja na mjukuu wake. Alitafuta boksi, akaweka matambara, akawahamishia vipaka stoo. Jioni walikuwa wamerudi kabatini. Akawahamisha tena, wakarudi. Mara ya tatu akafunga kabati kwa ufunguo, na Marashi akakubali stoo. Tukadhani yameisha.

Stoo ile haikuwa na dari. Juu kulikuwa na nafasi kati ya ukuta na bati, na hapo ndipo palipokuwa na shida, ingawa hakuna aliyeiona ila Marashi. Kuna paka shume katika mtaa wetu, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika. Usiku wa 19 wa uzazi wangu nilimsikia akitembea juu ya bati, na Marashi chini akinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Paka dume anaweza kuua watoto ambao si wake, kwa sababu jike aliyepoteza wanawe hurudi kwenye joto mapema. Jike analijua hilo bila kufundishwa. Dawa yake ni moja: kuhama.

Usiku wa 21 umeme ulikatika. Kama saa tisa niliamka, si kwa kilio bali kwa ukimya, maana mwanangu huwa ananyonya saa hiyo. Nikapapasa simu, nikawasha taa yake. Ndani ya chandarua, kando ya miguu ya Zuhura, walilala vipaka watatu wamebanana, na Zuhura amelala fofofo. Kona ya chandarua ilikuwa imefunuka. Marashi alisimama ukingoni mwa kitanda, wa nne akining'inia mdomoni, ameshikwa ngozi ya kisogo, miguu ameikunja na kutulia tuli, kama vipaka wanavyofanya wakibebwa.

Nilipiga ukelele. Mama akaruka kutoka mkekani, akamkwapua mtoto. Baba Zuhura alikuja mbio gizani, akajikwaa kwenye beseni la maji ya kukandia, akaanguka nalo. Maji yakasambaa chumba kizima, mkeka wa Mama ukalowa, Zuhura akaanza kulia, na Marashi akatoweka uani na yule mmoja aliyebaki naye. Tulimvua mtoto nguo zote tukammulika kwa simu, mwili mzima. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mama alitetemeka mpaka alfajiri. Alisema yale yasemwayo na wengi, kwamba paka humnyonya mtoto pumzi, kwamba ana wivu, kwamba alikuja kumdhuru. Kisha akamgeukia mume wangu, kwa sauti ya chini: "Baba, nakuomba, waondoe hawa." Mkwe hakatai neno la mama mkwe wake. Akawatia watatu kikapuni, akaenda kuwaacha kwenye baraza la fundi cherehani, barabara ya pili kutoka kwetu.

Siku ile iliyofuata sitaisahau. Marashi alikuwa uani, chini ya tangi la maji, na mtoto mmoja. Kila Zuhura alipolia alikuja mbio mpaka mlangoni, akaukwaruza mlango kwa kucha. "Unaona?" Mama akasema. "Anamtaka mtoto." Mimi niliona jambo lingine. Mlango ulipoachwa wazi kidogo niliona tumbo lake: chuchu za mbele zilikuwa laini, za nyuma zimevimba, nyekundu, zimekaza. Mtoto mmoja hawezi kumaliza maziwa ya wanne. Nilijua maumivu yale, nilikuwa nayo siku ya tatu ya uzazi wangu. Naye alipoita kule uani, sauti ndefu inayopanda mwishoni, maziwa yangu yalishuka yenyewe yakalowesha kanga, na binti yangu yuko usingizini.

Marashi aliingia, akajisugua miguuni kwangu akikoroma, na ndani ya koromo lile mlikuwa na kilio. Hilo si wazo la mzazi aliyekosa usingizi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakiongozwa na Karen McComb, walirekodi koromo la paka wanapoomba chakula, wakakuta ndani yake sauti ya kilio iliyo kati ya hezi 220 na 520, jirani kabisa na kilio cha mtoto mchanga wa binadamu. Watu waliosikilizishwa, hata wale ambao hawajawahi kufuga paka, walisema sauti hiyo ina haraka na haipendezi kuliko koromo la kawaida. Sahani ya dagaa ya Marashi ilikuwa imejaa. Hakuwa na haja ya dagaa.

Nilimpigia Baba simu Pangani. Akaomba azungumze na Mama. Hakumlaumu. Alimkumbusha habari ya Abu Qatada, sahaba aliyeinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, mkwe wake akastaajabu, naye akamweleza alivyomsikia Mtume akisema paka si najisi. Mama alisikiliza muda mrefu. Aliporudisha simu alisema, "Nimemdhulumu mzazi mwenzako," akajitanda kanga akamfuata Baba Zuhura kibarazani: "Twende tukawachukue."

Fundi alikuwa mtu mwema. Aliwatia kwenye boksi la vitambaa na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa pamba. Lakini maziwa ya ng'ombe hayawafai vipaka, huwaharisha, na kipaka wa siku tisa bado hana uwezo wa kutunza joto la mwili wake. Walikuwa mbali na mama yao toka alfajiri mpaka baada ya Alasiri. Wawili walikuwa wanalia. Yule wa rangi ya mdalasini alikuwa kimya, amepoa. Mama alimweka kifuani ndani ya kanga njia nzima, lakini hakufika. Baba Zuhura alimzika chini ya mwarobaini, na jioni hiyo hakula.

Mama aliogopa kwamba Marashi atawakataa wale wawili kwa kuwa wameshikwashikwa na mikono ya watu. Marashi aliwanusa mmoja mmoja, kichwa, mdomo, tumbo, kisha akalala ubavu akawavuta kwa mguu. Waliponyonya alifumba macho. Wasomaji wengi wameambiwa kama alivyoambiwa Mama. Paka mzazi mwenye afya, aliyezoea watu, hawaachi wanawe kwa harufu ya mkono.

Kesho yake fundi seremala alileta sanduku la mbao lenye tundu moja pembeni. Tukaziba ile nafasi ya juu ya stoo kwa wavu wa kuku, tukaweka sanduku juu ya rafu, na Mama mwenyewe akatandika ile doti ya kanga. Marashi hakuwahamisha tena. Kumbe hakuwa na ugomvi na mwanangu. Alitafuta mahali pa juu, pana joto, pamezungushiwa kitambaa, pana mwanamke anayelinda mtoto usiku kucha, na katika nyumba yetu palikuwa mahali pamoja tu.

Hata hivyo Mama hakukosea kuogopa, na nasema hili kwa moyo wote kwa kila mwenye mtoto mchanga. Paka hanyonyi pumzi ya mtu. Ila paka hufuata joto, na mtoto wa wiki tatu hawezi kusukuma kitu kilichomlalia puani. Tangu usiku ule chandarua chetu huchomekwa chini ya godoro pande zote nne, na mlango wa chumba hufungwa kama hakuna mtu mzima macho. Chandarua hicho hicho kinazuia na mbu.

Siku ya arobaini yangu vipaka walikuwa na siku 28, wanatembea kwa kuyumba na kuonja dagaa waliosagwa. Walipotimiza wiki tisa, mmoja alikwenda kwa fundi cherehani, aliyekuja kumwomba mwenyewe, na mwingine kwa jirani. Marashi aliwatafuta siku mbili chumba hadi chumba. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi, tena bila kuchelewa, maana paka anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hajaachisha.

Zuhura sasa ana miezi kumi, anatambaa, na amejua kuvuta mkia. Marashi huondoka akapanda dirishani. Hajamkwaruza bado, nasi hatumwachi afike mahali pa kumkwaruza. Tunamshika mwanetu mkono, tunamwonyesha kupapasa kwa kiganja wazi.

Ukiwa na mzazi nyumbani na paka wako naye tumbo limeshuka, mtafutie sanduku leo, uliweke juu, mahali pakavu ambapo paka shume hafiki. Na kama ameshazaa, usimtenge na wanawe kabla hawajatimiza wiki nane.