Motere Inaogeshwa Ziwani, Jamani!

Aaah, jamani! Nani wa Baraka hajaliona hili? Gari limeshuka kutoka Fizi, limekula vumbi la kiangazi hadi rangi yake haijulikani tena. Shofere hapumziki. Moja kwa moja hadi ziwani, magurudumu majini, kapo juu, na kijana na ndoo yake: pwaaa! Mvuke unafuka, watoto wanashangilia. Eti motere inapumua. Inapumua nini, ndugu zangu? Inalia!

Motere iliyotoka milimani, maji yanayozunguka ndani yake yana nyuzi karibu 90, na pale bomba la moshi linapoanzia chuma ni moto zaidi ya mara tatu ya hapo. Maji ya Tanganyika hayafiki 30. Chuma kilichotanuka kikipigwa baridi ghafla hujikunja, na kikijikunja vibaya hupasuka. Ufa wenyewe huenda usijionyeshe siku hiyo. Utajionyesha siku nyingine, usiku, njiani kuelekea Mboko, abiria wamekaa juu ya mizigo wakimtafuta mchawi. Mchawi! Ndoo wameshaisahau.

Halafu kuna wale wa esansi, Mungu wangu. Anachovya brashi kwenye chupa ya esansi na kusugua motere nzima, kwa sababu inakata grisi haraka kuliko sabuni. Inakata kweli! Lakini waya wa batri uliochubuka ukigusa chuma, cheche moja inatosha, na mwenzake yuko hapo kando na sigara mdomoni. Nilimwuliza kijana mmoja, "Mdogo wangu, huogopi moto?" Akanijibu, "Papa, tumezoea." Tumezoea! Nilishika kichwa kwa mikono miwili.

Wa mashine ya kusukuma maji naye msimwache. Anaelekeza bomba penye mdomo wa filta ya hewa, anapiga kwa nguvu zote, kisha anawasha gari palepale. Hewa hubanika ndani ya silinda, maji hayabaniki ng'o. Pistoni inapanda, inakutana na maji, na kile chuma kinachoisukuma kinapinda. Hapo gharama yake ni kununua motere nyingine.

Na kazi yenyewe, jamani, ni ya uani, ya ndoo mbili tu! Acha motere ipoe hadi kiganja kitulie juu yake. Toa waya wa hasi wa batri. Funga mifuko ya nailoni kwenye alternata, sanduku la fyuzi, mdomo wa filta na nyaya za buji. Chukua Omo na brashi, sugua palipoganda mafuta, suuza kwa kikombe taratibu. Futa kwa kitambaa, acha kapo wazi juani hadi kila plagi ya waya ikauke. Vua mifuko yote, maana kuna waliousahau mmoja ukayeyukia kwenye bomba la moshi. Rudisha waya, washa, iache ingurume dakika kumi. Basi!

Lakini linaloniuma hasa ni ziwa. Mto unaoyatoa maji humu ni mmoja, Lukuga, kule Kalemie, tena kidogo kidogo. Mafuta machafu tunayomwaga hapa hayana haraka ya kwenda popote. Na hatua chache kutoka kwenye gari, mama anachota maji ya kupikia na bidoni yake. Mmoja aliuona utando wa mafuta ukimfuata, akamgeukia shofere: "Baba, supu hii ya motere utawanywesha watoto wako?" Shofere akacheka. Akacheka, jamani!

Wakubwa wa avenyu, mnapita pale kila asubuhi. Tupangieni kiwanja cha kuoshea magari, mbali na wanapochota akina mama, chenye shimo la mchanga la kunasa mafuta. Vijana wa ndoo wapo, na koleo zipo.