Mstari Ulijaa

Picha ya mtoto wa mwaka mmoja, uchi, ndani ya beseni la bluu, povu la sabuni utosini, ilikaa kwenye skrini ya ukumbi kwa muda uliomtosha mhudumu kuzigawia soda meza zote za wakwe. Mtoto mwenyewe ndiye bibi harusi mtarajiwa. Alikuwa amekaa chini ya picha hiyo na gauni lake la dhahabu, mikono mapajani, akiikazia macho keki kama mtu asiyetujua. Video niliileta mimi, mjomba wake. Ilitakiwa iendelee mbele: chekechea, kipaimara, sare ya sekondari, mahafali, siku ya kupokea posa. Ikaganda kwenye beseni.

"DJ, sogeza mbele!" akaagiza MC.

DJ akasogeza. Beseni. Akarudisha nyuma, tukaona tena wazazi wa binti wakilishana keki, kisha beseni. MC wa sendofu hulipwa ili ukimya usiingie ukumbini, na huyu alistahili kila shilingi: akatangaza kwamba upande wa mke umeamua kuonyesha mali yote, hakuna kilichofichwa. Wakwe wakacheka hadi kupigapiga meza. Dada yangu hakucheka. Alinitazama tu, na mimi ninayemfahamu tangu enzi za kugombea ukoko wa wali nikajua hesabu hii haitaishia ukumbini.

Hapo binamu yangu, ambaye kikao chote cha kamati alikuwa akinitafutia sababu, akapaza sauti kutoka meza ya nyuma: "Si ndiyo ile Linux yake!"

Kabla sijaendelea, naomba ieleweke: mstari ulijaa. Nasema ule mstari unaotambaa kwenye kioo kuonyesha faili linavyonakiliwa. Niliutazama kwa macho yangu mawili. Ulianzia kushoto, ukafika kulia, ukatoweka, na kompyuta ikaniarifu kwamba kazi imekwisha. Video ya GB 2, kwa muda usiotosha kufunga kamba za viatu. Nikachomoa flashi, nikaitia mfuko wa koti, nikaenda sherehe. Mtu akikwambia "nimemaliza", ukamwamini, ukaondoka, kosa ni la nani? Swali hilo nimemuuliza kila aliyekubali kunisikiliza, na wengi wamenijibu kwa kuuliza kama pilau lilibaki.

Usiku uleule, koti likiwa bado mwilini, nikakaa mbele ya kompyuta kutafuta aliyenifanyia haya. Kumbe ukiiambia Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, inakili faili kwenye flashi, haiendi moja kwa moja kwenye flashi. Inalinakili kwenye kumbukumbu yake yenyewe, ile RAM, ambako kasi ni kubwa mno, kisha inakwambia imemaliza. Data inabaki humo kwenye kurasa ambazo mafundi huziita kurasa chafu, yaani zilizoandikwa lakini hazijafikishwa. Ndani ya keneli, kile kiini cha mfumo, kuna kazi inayoamka kila baada ya sekunde 5, inakagua ni kurasa zipi zimekaa zaidi ya sekunde 30, inaanza kuzihamisha. Kurasa chafu zikifika asilimia 10 ya kumbukumbu iliyo wazi, uhamishaji huanza bila kungoja. Zikifika asilimia 20, ndipo programu inayoandika inashikwa mkono na kuambiwa ingoje. Kompyuta yangu ina GB 16. Hata ukiondoa zilizoliwa na programu nyingine, asilimia 20 ya kilichobaki ni zaidi ya GB 2. Video ya mpwa wangu iliingia humo yote, ikatoshea, mlango ukafungwa. Flashi nayo, niliyoinunua kwa mmachinga karibu na kituo cha daladala, inaandika kama MB 5 kwa sekunde. Piga hesabu: kwa mwendo huo, GB 2 ni dakika sita na ushee. Dakika ya sita mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda, nikiwa nimebeba wazazi wakilishana keki na mtoto kwenye beseni. Chekechea, kipaimara na posa vilibaki mezani, ndani ya RAM.

Na ubaya wa jambo hili ni kwamba utaratibu wenyewe ni mzuri hadi unatia wivu. Programu isingeweza kupumua kama ingesubiri diski kila inapoandika neno. Faili la muda linaloandikwa na kufutwa baada ya sekunde chache halifiki kwenye diski kabisa. Linazaliwa na kufa ndani ya kumbukumbu, na diski haijui kama liliwahi kuwepo. Vipande vidogovidogo vinakusanywa vikapelekwa kwa mkupuo, jambo lenye manufaa hasa kwa flashi, kwa sababu chembe zake haziwezi kufutwa mojamoja. Hufutwa kwa mafungu makubwa, na kila kufutwa kunazichosha. Kasoro iko kwenye asilimia tu. Kompyuta ikiwa na MB 64 za kumbukumbu, asilimia 20 ni MB 13 hivi, ambazo hata kifaa kizembe kitazimaliza upesi. Kumbukumbu zikakua, kipimo kikabaki cha asilimia. Mwaka 2013 watengenezaji wa keneli, Linus Torvalds akiwemo, walilijadili tatizo hilihili la flashi za polepole kwenye kompyuta zenye kumbukumbu kubwa. Kitasa cha kupunguza kiwango kipo, kinaitwa vm.dirty_bytes, na nina hakika DJ angefurahi kukifahamu.

Lakini lililoniuma zaidi nililiona asubuhi, nilipoichomeka tena flashi ileile na kusoma dmesg, yaani daftari ambamo keneli huandika kila linaloisibu. Humo, kwa adabu kamili, imeandikwa kwamba sehemu hii haikufungwa ipasavyo, huenda baadhi ya data imeharibika, tafadhali endesha fsck, programu ya ukaguzi. Asante. Juu kidogo, kumbukumbu za jana: saa, nukta, na taarifa kwamba kifaa namba 7 kimechomolewa. Yote yalikuwa humo. Hata kabla sijachomoa, kuna faili liitwalo /proc/meminfo lenye mstari unaotaja kiasi cha kurasa chafu zilizobaki, na ungenionyesha mamia ya MB bado yanangoja safari. Kwa hiyo mfumo huu hausemi uongo hata mara moja. Ukweli wake tu unaandikwa mahali ambapo hakuna mwalikwa wa sendofu atakayetazama, na pale panapotazamwa na kila mtu umewekwa mstari.

(Windows, kwa taarifa yenu, tangu toleo la mwishoni mwa 2018 imewekwa hivi kwamba flashi inaandikwa moja kwa moja, ili mtu akichomoa ghafla asipate hasara. Ninawaomba msimwambie binamu.)

Nimejaribu kujiliwaza na mkasa wa Aprili 1998 kule Chicago, Bill Gates alipokuwa jukwaani akiitambulisha Windows 98. Msaidizi wake alichomeka skana ya USB mbele ya umati, kompyuta ikaanguka, skrini ikageuka buluu tupu. Watu wakashangilia kwa kicheko, Gates naye akatania, mambo yakapita. Ila wale hawakuwa wakwe.

Kwenye dmesg nilikwama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, maana humo nilikuta mazungumzo yote ya kifaa kikiingia. Kuchomeka USB ni kama mgeni kuhamia mtaa wenye balozi wa nyumba kumi aliye mkali. Mgeni anapiga hodi: ndani ya kifaa kuna kizuizi cha kiloomu 1.5 kinachovuta waya mmoja wa data juu, na kompyuta ikihisi mvuto huo inajua kuna mtu mlangoni. Waya uliovutwa ndio unaoeleza kama mgeni ni mwenda pole au mwenda kasi. Balozi anamwamuru atulie, asahau yote aliyokuja nayo. Kwa wakati huo mgeni hana anwani, anaitwa sifuri, na haruhusiwi kula zaidi ya miliampia 100. Kisha anaulizwa: nani kakutengeneza, we ni nani, una kazi gani? Majibu yanatakiwa yakae kwenye fomu ya baiti 18, hakuna hadithi. Akijibu vizuri anapewa namba kati ya 1 na 127, na sasa anaweza kuomba hadi miliampia 500. Na hata baada ya kusajiliwa hana ruhusa ya kuanzisha mazungumzo. Kipanya chako unachodhani kinaiambia kompyuta kwamba kimesogea, kwa kawaida kinaulizwa mara 125 kwa sekunde, kuna jipya? hakuna, kuna jipya? hakuna, na hakichoki. Namba nazo zinasonga mbele: ukichomoa na kuchomeka tena, aliyekuwa 7 anakuwa 8, kisha 9, kiasi kwamba fundi yeyote akisoma daftari lako anajua ulivyohangaika.

Taratibu hizi zilitoka Januari 1996, baada ya kampuni saba, Intel, IBM na Microsoft zikiwemo, kukubaliana zimalizane na msitu wa kebo nyuma ya kompyuta. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu. Lawama inaanza kwenye lile swali la kazi. Kuna makundi ya kazi yaliyokubaliwa, kama vile kibodi, hifadhi, sauti, na kifaa kikijitaja kuwa cha kundi mojawapo, draiva moja, yaani programu ya kuzungumza na kifaa, inawatosha wote wa kundi hilo. Lakini mtengenezaji anaruhusiwa pia kujibu "kazi yangu ni siri", akaja na lugha yake na kamusi yake, na kamusi hiyo akaichapa kwa Windows pekee.

Enzi za modemu za 3G nilinunua moja dukani, ile ya umbo la kidole, laini ndani. Nikaichomeka. Ikasajiliwa bila shida, ikaulizwa kazi yake, ikajibu kwamba yenyewe ni CD. Si utani. Modemu hizo zilizaliwa zikijifanya diski ya CD yenye programu ya kusakinisha ya Windows. Programu ikishakaa, inatuma ujumbe fulani, CD inajichomoa yenyewe bila mtu kuigusa na kurudi ikiwa modemu. Kwangu ujumbe haukuja, kwa hiyo CD ikabaki CD. Nilikuwa na intaneti ya mwezi mzima niliyoweza kuifungua kama folda na kuitazama. Aliyetuokoa ni Josua Dietze, aliyeandika USB_ModeSwitch, programu inayojua modemu gani inaamshwa kwa ujumbe upi. Ujumbe wa modeli moja baada ya nyingine ulikusanywa na kujaribiwa, nasi tukapewa bure.

Hapa ucheshi unanikauka. Modemu ile nililipa bei kamili. Risiti haikuwa na punguzo kwa kuwa kamusi ya lugha yangu haikuwemo kwenye boksi. Mtu usiyemjua anakesha akisikiliza mawimbi ya waya ili akisie kifaa kinasema nini, wakati ofisini kwa waliokitengeneza karatasi yenye majibu yote iko kabatini. Wala si suala la gharama: mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa siku nyingi wa sehemu ya USB ndani ya keneli, alitangaza kwamba kampuni yoyote itakayotoa maelezo ya kifaa chake itaandikiwa draiva ya Linux bila malipo, na wakitaka kuwekeana mkataba wa kutunza siri, utasainiwa. Bure! Bado leo hii ukiuliza dukani, muuzaji anageuza boksi, anatafuta, anakwambia, "Hii inataka Windows, kaka." Na kifaa kikikataa mbele za watu, hakuna anayemtaja aliyeficha karatasi. Inasemwa "Linux yake".

Tena hii vita yote ya kufichana karatasi ilianza na printa. Karibu na mwaka 1980, kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama kwa karatasi. Akamfuata mwenye msimbo wake, akanyimwa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu zisizofichwa msimbo. Printa yangu, zaidi ya miaka 40 baadaye, ilitoa rimu nzima ya karatasi, kila moja ikiwa na alama moja ya kuuliza kwenye kona.

Skana ilikubali, kwa rangi ya kijani tu.

Kadi ya sauti inafanya kazi nikiwa nimeishikilia.

Kamera ya USB ndiyo pekee niliyoichomeka ikajibu papo hapo. Kamera hizi zina kundi lao la kazi linaloitwa UVC, na tangu keneli 2.6.26 ya mwaka 2008 draiva moja inazihudumia: hakuna CD, hakuna siri, hakuna kusubiri. Niliichomeka asubuhi moja kabla ya kikao cha kazini, nikiwa na hakika kabisa, kwa jinsi ninavyovifahamu vifaa hivi, kwamba nitakuwa na muda wa kutosha wa kuhangaika nayo na hata kwenda kuvaa shati. Taa yake ikawaka. Meneja akasema, "Karibu, tunakuona vizuri sana."