Intaneti Ikikata, Mtafute Mchawi kwa Utaratibu

Saa mbili usiku kikao cha mtandaoni kimepamba moto, ghafla sura ya bosi inaganda mdomo wazi, na nyumba nzima inaanza kutafuta mchawi. Baba anawashukia watoto na michezo yao. Watoto wanailaumu kampuni. Dada wa kazi naye anatajwa, maana ndiye aliyepitisha ufagio karibu na ruta. Ndugu msomaji, kabla hujamwandama mtu, jua kwamba intaneti hupita njia ndefu yenye vituo vinavyojulikana. Mchawi amekaa kwenye kimojawapo. Kijue kituo chake kwanza, ndipo uguse kitu. Tena uguse kimoja kimoja, la sivyo hutajua kipi kilichoponya.

1. Sikiliza ushahidi wa taa. Kama una faiba, tazama kisanduku cha ukutani. Taa ya PON ikitulia kijani, mwanga unafika nyumbani. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hata ukizima na kuwasha kompyuta mpaka alfajiri hutapata kitu. Ufuate waya kwa macho. Ndani yake mna uzi mwembamba wa kioo, na ukikunjwa sana mwanga huvujia pale kwenye kona. Basi ahojiwe aliyeuzungusha kwenye msumari ili sebule ipendeze, na panya wa darini naye asiachwe.

2. Zima, subiri, washa. Chomoa ruta, hesabu dakika moja, chomeka, kisha ipe dakika chache za kuamka. Hivyo unafuta miunganisho iliyokwama kwenye kumbukumbu yake. Ukiona unalazimika kufanya hivi kila siku, huo ni ugonjwa: huenda ruta inachemka, adapta imechoka, au programu yake ya ndani imepitwa na wakati. Itoe nyuma ya televisheni na uivue kile kitambaa cha kufuma. Kitambaa ni cha kochi; ruta inataka hewa.

3. Hoji vituo kwa zamu. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Kwa waya mambo yakienda na kwa Wi-Fi yakagoma, mchawi yuko hewani. Nenda hatua ya 4. Yakigoma kote, fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, na usome anwani ya ruta kwenye mstari wa Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping, acha nafasi, weka anwani hiyo. Ruta ikijibu bila kukosa, njia ya kutoka kompyuta hadi ruta ni nzima. Sasa jaribu ping 8.8.8.8, seva ya Google. Kimya hapo maana yake njia imekatika kuanzia ruta kwenda nje. Na kama 8.8.8.8 inajibu ila tovuti hazifunguki kwa majina yake, mshuku DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS, ujaribu tena.

4. Safisha hewa. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali, lakini majirani wote wamo humo, na chaneli zinazopishana bila kugongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwenye ghorofa lenye familia nyingi, chagua iliyo na msongamano mdogo. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, hivyo pilau la jana likipashwa moto, simu ya video inaweza kukwama. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi, ila hudhoofika haraka yakikutana na zege au kuta nene za mawe ya matumbawe za Lamu na Unguja. Iweke ruta juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na kioo kikubwa.

5. Ichunguze kompyuta. Tazama saa yake. Kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, ile betri ndogo ya CR2032 ikifa, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe zake, kwa hiyo kivinjari kitazikataa hata kama intaneti ni nzima. Rekebisha saa, nunua betri. Na kama unatumia bando la simu kupitia hotspoti, iambie Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, isije ikamaliza bando kwa kupakua masasisho.

6. Kumbuka bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki ikapata intaneti ya kuchechemea. Muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Naye akiwa analia, iache ruta ipumzike.

7. Piga simu ukiwa na ushahidi. Ukisema “intaneti mbovu”, utaambiwa uzime na uwashe. Sema hivi: “LOS ni nyekundu tangu saa kumi na moja jioni, ruta nimeshaiwasha upya, waya hauna mkunjo.” Mhudumu hapo hana swali la kupotezea muda. Andika tarehe, saa na majibu ya ping kila intaneti inapokata, kisha dai namba ya malalamiko. Watoto wanasoma kwa intaneti hiyo, watu wazima wanatafutia riziki humo, na ada inalipwa kila mwezi. Kampuni ikikupiga danadana, peleka kumbukumbu zako TCRA ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya. Jambo la kwanza watakalotaka kujua ni kama uliwahi kulalamika kwa kampuni yenyewe, na namba ile ndiyo jibu lako.