Angani Hakuna Kurudia

Harusini mpiga video ni mfalme. Keki imekatwa kombo? Inakatwa tena. Bwana harusi kaingia ukumbini amekunja uso? Anatolewa nje, anaingia upya akitabasamu, na shangazi zake wanapiga vigelegele vilevile kama hawajamwona. Kwa hiyo mteja wangu wa Kisauni aliposema anataka video ya harusi yake ianze na yeye akishuka Diani kwa mwavuli, nilijibu hewala, nikamtajia bei. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nifungwe kifuani pa mzoefu, kamera mkononi, turuke nyuma ya bwana harusi.

Mwalimu wa kuruka aliitazama kamera yangu kama daktari aliyeletewa mgonjwa pamoja na mganga wake.

"Umeruka mara ngapi, kaka?"

"Bado."

"Basi zimebaki mia mbili."

Nikadhani ananitania. Kumbe chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ndivyo kinavyoshauri: mtu awe amesharuka walau mara 200 ndipo abebe kamera. Na abiria aliyefungwa kifuani habebi chochote. Hata simu inabaki chini, hata ukiapa kwamba unaishika vizuri.

Sababu zenyewe alinieleza kwa utulivu uliozidi kunitisha. Mpiga picha wa angani hashiki kamera, maana mikono ndiyo usukani wake. Kamera inakaa juu ya helmeti, na mbele ya jicho kuna kioo kidogo chenye duara cha kulengea. Anakoelekea kichwa ndiko inakoelekea video. Akivutiwa na bahari, mteja atalipia bahari. Picha za mnato anazipiga kwa swichi iliyo mdomoni, ya kung'ata au kusukuma kwa ulimi. Hilo halikunishangaza. Mtaani kwetu wapo wanaopiga picha kwa ulimi miaka nenda miaka rudi, na zao husambaa haraka kuliko zangu.

Kilichonishangaza ni mkanda wa helmeti. Unafunguka kwa mvuto mmoja, ili kamba za mwavuli zikinasa kwenye kamera uivue helmeti yote na kuiacha iende.

"Na kamera je?"

"Inaanguka."

Kamera yangu ilikuwa bado na deni la chama, cha akina mama na sisi vijana wao wawili. Kabla ya kuiachia ningelazimika kuitisha kikao, na katibu wetu hafikiki kirahisi.

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuna aliyelicheka. Mwaka 1988, huko North Carolina, mpiga video mwenye mamia ya miruko aliruka kuwarekodi wenzake. Vifaa vyake vya video alikuwa navyo. Mwavuli hakuvaa. Kamera humeza akili yote ya anayeibeba; ndiyo maana wanataka mwili uwe umezoea kuruka kwanza, usihitaji tena kukumbushwa.

Nikabaki ufukweni.

Nako kuna mitihani yake. Ndege ikiwa futi 10,000 huisikii vizuri, achilia mbali kuiona. Warukaji wanaporomoka kwa kasi ya kilomita 200 hivi kwa saa, na baada ya nusu dakika na ushei, karibu futi 5,000, mwavuli unafunguka. Hiyo nusu dakika yote nilikuwa nikirekodi mwewe. Nilipoupata mwavuli, kusi ilikuwa imeshatia chumvi kwenye lenzi, nikaifuta kwa pindo la shati, na bwana harusi akageuka ukungu wa rangi ya chungwa. Lakini akazidi kukaribia, akanyoosha miguu mbele kama alivyofundishwa, nami nikakaza mikono: hii ndiyo picha.

Hapo akapita ngamia wa kupandisha watalii.

Kwenye video yangu, kutua kwa bwana harusi ni nundu, kisha makalio ya ngamia, kisha sauti ya mwenye ngamia ikisema wazi kabisa, "Bosi, utapanda? Bei ya asubuhi." Mwavuli unaonekana mwishoni, umelala mchangani. Nilimwomba mwalimu kwa adabu kama wanaweza kutua tena. Sitaandika hapa alichojibu.

Kilichotuokoa ni kamera ndogo aliyovaa kwenye mkono wa kushoto mwalimu mwenyewe, aliyeruka na bwana harusi kifuani pake. Ilinasa kila kitu, na hapo ndipo balaa lilipo. Kwa kasi ile, upepo ukiingia mdomoni unajaza mashavu, midomo inapepea, fizi zote zinatoka kusalimia. Siku ya kuangalia video nyumbani kwa bibi harusi, mama mkwe aliisimamisha kwa rimoti, akasogea karibu na runinga, akamwuliza bintiye kwa upole, "Mwanangu, meno haya ndiyo uliyoyaona wakati anakuposa?"

Harusi ilifungwa, alhamdulillahi. Kile kipande kikafunikwa kwa taarabu na maua yanayoanguka.

Basi nawe ukienda kuruka, simu muachie mtu wa chini, lipia video ya wenyewe walioizoea kazi, angalia kamera wanapokuonyesha. Na mlango wa ndege ukifunguliwa, tabasamu mdomo ukiwa umefungwa.